Radhi ya Bi Zaina

Bi Zaina alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchana, ndugu yake alipoingia uani bila hata hodi, uso umemchanua kama mtu aliyetoka kuoza binti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini, mbona wahema?"

"Amehitimu!" Mwalimu Bwanausi alijitupa kwenye kigoda. "Msahafu mzima, dada. Mtu aliyeingia mle ndani hajui alifu wala be, leo amehitimu. Na ile sauti! Hata askari wa langoni waliacha soga zao wakamsikiliza."

Bi Zaina hakuuliza ni nani. Mwalimu alikuwa na darasa zima la wafungwa kule jela, kila Alhamisi, lakini akirudi huwa na jina moja tu mdomoni, nalo ni Mbaruku. Na Mbaruku ndiye aliyeingia chumbani kwa Bi Zaina akamwibia sanda yake.

"Sasa mimi niseme nini?"

"Sema alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zaina, akaikuna ile nazi kwa nguvu mpaka weusi wa kifuu ukaingia kwenye machicha. Nazi ikaharibika, na hilo nalo akamwandikia Mbaruku.

Kisa cha sanda chenyewe kilikuwa hivi. Siku hizo za Mwingereza, mwanamke wa Bagamoyo aliyekwisha kula chumvi nyingi huweka sanda yake mwenyewe chini ya kasha, ili siku ikifika watu wasihangaike na kugongeana milango ya maduka. Bafta ya Bi Zaina, kitambaa cheupe cha sanda hiyo, ilinunuliwa na marehemu mumewe. Ikasafiri na hujaji mmoja wa Mbegani mpaka Makka, ikachovywa katika maji ya zamzam, ikarudi. Bi Zaina akaikata kwa mkono wake, akaikunja pamoja na pamba, udi na karafuumaiti, akafunga kasha, akatulia. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, aliitoa akaianika kivulini, akaikunja tena vilevile.

Mbaruku alikuwa mkwezi wake. Alimwangulia nazi, akala kwake, akaitwa mwanangu. Kisha tembo la mnazi likampanda kichwani, naye siku moja akaliona lile kasha, akadhani lina dhahabu. Alipokuta bafta, mtu mwenye haya angeirudisha na kukimbia. Yeye akaiuza. Kipande kimoja kilifika Msata, huko kuna bwana akashona kanzu akaswalia Idi. Bi Zaina alipopata habari hizo hakula siku ile. Kuna mwanamume huko Msata anatembea na sanda yake, huenda ameshaimwagia mchuzi! Kipande kingine kilipelekwa kwa fundi Shabbir, aliyekuwa na cherehani yake barazani kwa duka la Dhirajlal. Fundi akakiinua apime, akanusa karafuumaiti, akakitupa chini na kuita watu. Mbaruku akakamatwa, akafungwa miaka mitatu.

Watu walimwambia Bi Zaina anunue nyingine, bafta ziko tele. Hakuweza. Kila akiishika bafta dukani alijiona kama amevuliwa nguo mbele za watu, angali hai. Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Alitaka Mbaruku aje, asimame mbele yake, aseme kwa kinywa chake: nimekukosea, nisamehe. Alijua atamsamehe. Hata maneno ya kumjibu alikwisha kuyaweka tayari, akiyarudia rudia kama mtu anayefanya mazoezi ya hotuba. Aliogopa kufa na kinyongo kile, na alijua hakitatoka bila kuombwa.

Hilo darasa la jela nalo lina asili yake. Mwalimu Bwanausi hakuwa na habari na wafungwa mpaka aliposikia kwamba padri wa misheni huenda kule kila Jumapili na picha za rangi na nyimbo, na kwamba wafungwa, Waislamu kwa wasio Waislamu, huimba naye kwa furaha kwa sababu siku hiyo hawavunji mawe. Mwalimu hakulala. Asubuhi alikwenda kwa liwali, liwali akampeleka kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na Bwana Shauri, ambaye alitaka amani tu, akasema padri abaki na Jumapili yake, mwalimu achukue Alhamisi, siku ambayo chuo chake hakisomeshi. Bi Zaina alipenda kumkumbusha ndugu yake kwamba dini yake iliingia jela kwa mlango wa wivu.

Haki isemwe, darasa lilifaa. Alikuwapo mtu wa Ubena aliyepigana kila siku kwa ajili ya chakula, na baada ya mwaka mmoja yeye ndiye akawa mgawaji, na hakuna aliyelalamika. Wengine walitoka, wakarudi kwao, wasionekane tena mahakamani. Padri naye alikuwa na watu wake walionyooka. Bi Zaina hakuwa mjinga wa kukataa lililo wazi. Kilichomchosha ni kwamba mji mzima ulijua hali ya roho ya Mbaruku, kuanzia liwali mpaka wauza kahawa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza habari ya roho ya aliyeibiwa.

"Na juu yangu amesemaje?" alimwuliza ndugu yake siku ile ya machicha.

"Ametubu, dada. Akiomba dua hulia mpaka wenzake humwonea huruma."

"Sikukuuliza kama analia. Nakuuliza, juu yangu amesemaje?"

"Mungu amemsamehe, dada."

"Kasha lilikuwa la Mungu?"

Mwalimu akajikuna ndevu. Alikuwa mtu mzima mwenye kilemba na wanafunzi, lakini mbele ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na tabia ya kutazama vidole vya miguu yake.

"Wewe mwenyewe ulikariri hapahapa jikoni kwangu," alisema Bi Zaina. "Haki ya Mungu humalizwa kwa toba. Haki ya mja, mpaka mja mwenyewe aombwe, aachilie. Nilikuwa nakusikiliza huku nakupikia uji. Au siku hizi kitabu kimebadilika?"

"Hakijabadilika, dada. Lakini mambo yana taratibu zake."

Taratibu! Bi Zaina alimimina tui akawaza kwamba, kama kuna neno moja linalostahili kufungwa jela, basi ni hilo.

Mbaruku alitolewa kabla ya muda wake kwa ajili ya mwenendo mwema, Mwalimu akiwa amejitia mdhamini. Bi Zaina alifagia baraza siku hiyo. Akavaa kanga zake mpya, akachemsha kahawa, akakaa ndani akingoja hodi. Alikaa mpaka kahawa ikapoa, akaichemsha tena, ikapoa tena. Jioni Mwaija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaja na habari kwamba Mbaruku alipitishwa njia ya nyuma mpaka nyumbani kwa Mwalimu, akalishwa pilau.

Hiyo ingetosha kumkasirisha mtu, lakini mji ulikuwa na zaidi. Mwadhini wa msikiti wa mtaani alikuwa mzee wa kikohozi, adhana yake nusu maneno nusu kifua. Mwalimu akapeleka jina, wazee wakasikiliza sauti, wakaridhika. Basi Mbaruku akawa mwadhini, tena akapewa ufunguo wa msikiti, mikeka, taa, na jeneza la maiti, vyote viwe chini ya uangalizi wake. Msikiti wenyewe ulikuwa ng'ambo ya njia. Kati yake na kitanda cha Bi Zaina hapakuwa na kitu ila ukuta wa udongo na ua wa makuti.

Sauti ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kila alfajiri Mbaruku aliutangazia mji kwamba swala ni bora kuliko usingizi, na Bi Zaina, ambaye kwa miaka yote huwa macho kabla ya adhana, alilala palepale akijibu kwa meno: "Na kuomba radhi je, hakuna ubora?" Kisha humlazimu kuomba toba kwa kuikatiza adhana. Kisha hutia udhu na hasira zake, na akifika sijida ya pili hujikuta anawaza kasha. Akasalimu, akaanza upya. Kwa umri wake, na magoti yale, alikuwa anaswali alfajiri mara mbili kwa sababu ya mwizi.

Na akikutana naye njiani? Mbaruku huinamisha kichwa, akavuka upande wa pili, tasbihi mkononi.

"Tazama haya aliyo nayo!" Mwaija alisema siku moja. "Hawezi hata kukutazama."

"Hiyo si haya, Mwaija. Huko ni kukimbia."

"Basi mwite mwenyewe, yaishe."

"Nimwite mimi? Niibiwe mimi, na mwaliko nitoe mimi? Nimpikie na wali wa nazi?"

Mwaija akageuza mazungumzo, maana Bi Zaina akifika hapo huwa hana breki.

Ukaingia mwezi wa Mfungo Sita. Mwalimu Bwanausi alikuwa na mpango wake. Katika Maulidi ya mwaka ule wangekuja masheikh kutoka Dar es Salaam, liwali angehudhuria, na Mbaruku angesoma mlango mmoja wa maulidi mbele yao wote, ili wageni waone tunda la darasa la jela, na kama padri atasikia, asikie. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka kikao cha wazee, ambapo Mzee Mwinyijuma, mtu wa maneno machache na kukohoa kwingi, aliuliza kama yule mama aliyeibiwa amekwisha kumhalalishia.

"Hilo niachieni mimi," alisema Mwalimu.

Ndiyo maana asubuhi ya Alhamisi, Bi Zaina akiwa amemaliza vitumbua vyake na chai, aliwaona wanaume watatu wenye kanzu nyeupe wanakuja barazani kwake: Mwalimu Bwanausi, Mzee Mwinyijuma, na imamu wa msikiti. Mwalimu alibeba sinia lililofunikwa kawa. Moyo wa Bi Zaina ukaruka. Alipokea salamu zao zote, za usiku na za asubuhi na za jamaa, huku akichungulia nyuma yao. Hapakuwa na mtu wa nne.

Mwalimu akaanza. Alisema kuhusu rehema. Alisema kuhusu waja wema wa zamani walivyosamehe hata waliowapiga mawe. Alisema kuhusu heshima ya mji na macho ya wageni. Mzee Mwinyijuma alikohoa mahali pa itikio. Kisha Mwalimu akafunua kawa, na pale juu ya sinia, pembeni ya sahani ya halua, palikuwa na bafta mpya iliyokunjwa, pamba, chupa ya marashi, na karafuumaiti ya kutosha kunukisha mtaa.

"Tumekuletea badala ya ile," alisema kwa unyenyekevu. "Na Mbaruku anakuomba radhi kupitia kwetu."

Bi Zaina aliitazama bafta. Akawatazama wanaume. Mji mzima unajua kwamba mtu hujiwekea sanda mwenyewe, au huletewa akiwa maiti. Hakuna aliyepata kuletewa sanda juu ya sinia, ameshiba vitumbua, hana hata mafua. Wanaume watatu waliosoma, na ndevu zao zote, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka njiani.

"Bwanausi," alisema. "Mimi nimekufa lini?"

"Astaghafirullahi, dada! Si maana yake hiyo. Ni fidia."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko msikitini. Anakuombea dua."

"Ananiombea dua! Msikiti ule pale, makubazi yake nayaona mlangoni kutoka hapa. Ana ulimi wa kusoma msahafu mzima, wa kuniambia mimi maneno mawili hana? Kaazima wenu?"

"Dada, sisi ni wawakilishi..."

"Basi mkafungwe nyinyi kwa niaba yake!"

Akaingia ndani, akabamiza mlango, akatia komeo. Akajilaza kitandani uso ukutani, machozi ya hasira yanamtoka, na zaidi ya hasira alikuwa na uchungu. Ilikuwa inamchoma kwamba hata ndugu yake wa tumbo moja aliona linalotakiwa ni kitambaa.

Huko nje wale watatu walikwama. Wakiondoka, wameshindwa. Wakigonga, watatukanwa. Wakakaa palepale barazani, vichwa chini, kimya, sinia limebaki wazi katikati yao, na harufu ya karafuumaiti ikaanza kutembea njiani. Mwaija alikuwa anatoka kisimani na mtungi kichwani. Akainusa ile harufu kabla hajaona kitu. Akageuka, akaona mlango umefungwa, masheikh wameinama, na bafta.

Mtungi ukaanguka ukapasuka. "Uuuwi! Bi Zaina! Uuuwi, jirani yangu!"

Kilio cha Mwaija si cha kuuliza mara mbili. Milango ikafunguka mtaa mzima. Wanawake wakaja mbio wamejitanda kanga, wengine mikono ina unga, wakajaa uani wakilia. Mwanamume mmoja akakimbilia msikitini kutaka jeneza. Mwalimu Bwanausi akasimama juu ya baraza, mikono juu, anapiga kelele: "Hajafa! Jamani, hajafa!"

"Maskini," walisema wanawake, wakazidi kulia. "Hataki kuamini. Ndiye aliyemlea."

Ndani, Bi Zaina alisikia kilio akainuka kitandani. Innalillahi, kuna msiba. Hasira zote zikamtoka, maana msiba ni msiba. Akaanza kutafuta kanga ya kujitanda aende akawahani wenzake, huku akijiuliza ni nani, labda yule mwadhini wa zamani mwenye kikohozi. Alikuwa ameshika upindo wa kanga mkononi aliposikia jina lake linaliliwa, pamoja na sifa za mapishi yake. Akasimama katikati ya chumba, mdomo wazi. Akatamani kucheka, akatamani kumpiga mtu. Akaenda mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo.

Hapo akasikia miguu inakuja mbio, na kishindo cha mtu kuanguka kwenye ngazi ya baraza.

"Bibi!" Ilikuwa ile sauti ya alfajiri, lakini imevunjika vipande. "Bibi, mimi Mbaruku! Ewe Bibi, umekwenda nami sijakuomba! Nilikuja, Bibi. Siku niliyotoka nilitaka kuja, nikafika hapahapa kwenye ngazi yako, nikanusa mpaka ubani wako wa ndani. Mwalimu akanirudisha. Akasema utanitukana mbele za watu, darasa litaaibika, niache ayamalize yeye. Nikamtii, ndiye aliyenifundisha. Kila Alhamisi namwuliza, vipi radhi yangu? Ananiambia, subiri. Naadhini nikijua unanisikia, siwezi kukutazama usoni. Sasa nimwombe nani? Jamani, nimwombe nani mimi?"

Nje hata Mwaija aliacha kulia.

Bi Zaina alibaki ameshika komeo. Muda wote ule hasira yake ilikuwa na mtu mmoja, imemzoea, inajua njia ya kwake. Sasa mtu mwenyewe analia kwenye ngazi, na kumbe alikuja, alikuja siku ileile ya kahawa. Hasira ikakosa pa kukaa. Ikazunguka zunguka kifuani, kisha ikajua pa kwenda. Akafungua mlango.

Kelele zilizopigwa hapo zilishinda za kilio. Nusu ya wanawake walikimbia wakaangushana kwenye ua wa makuti. Mwaija akakaa chini akasoma shahada kwa sauti. Wakati huohuo wanaume wanne wakatokea kwenye kona na jeneza begani, wakagota kama waliopigwa misumari.

"Lirudisheni hilo," Bi Zaina aliwaambia. "Au kama mmechoka kulibeba, mmoja wenu aingie."

Kisha akamwangalia Mbaruku. Alikuwa amepiga magoti, uso umejaa vumbi na machozi, anamtazama kama mtu asiyejua yuko dunia gani.

"Inuka," alisema. "Hayo uliyoyasema uliyasema kwa maiti. Maiti hana la kukupa. Niambie mimi."

Mbaruku akainuka. Ilionekana wazi kwamba kusema na aliyekufa kulikuwa kwepesi kuliko kusema na huyu aliye hai, mwenye macho makali na kanga mkononi. Akapangusa vumbi usoni kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu mahakamani akamtazama usoni.

"Nimekukosea, Bibi," alisema. "Ulinilisha, ukaniita mwanao, nikakuibia sanda yako. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Bi Zaina, haraka mpaka akajishangaa. "Nimekuachilia, duniani na akhera, sina kinyongo nawe. Ilikuwa tayari, mwanangu. Ungekuja siku ile, ungeipata siku ile."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kile kitu kilichomkaa kifuani kilikuwa kimetoka, akavuta pumzi mpaka chini. Wanawake waliobaki wakaanza kulia tena, safari hii kwa raha, na Mwalimu Bwanausi, ambaye hakuwahi kuona kundi la watu akaliacha bila mawaidha, akapanda ngazi moja juu.

"Ndugu zangu, mmejionea!" alisema. "Huu ndio utukufu wa msamaha. Amesema mwenyewe Mola wetu..."

"Bwanausi, nyamaza."

Akanyamaza.

"Ni kweli ulimrudisha kwenye ngazi yangu?"

"Dada, nilitaka kulinda..."

"Kulinda nini?"

Mwalimu alitazama vidole vya miguu yake. "Darasa. Ungemtukana, dada, nakujua. Watu wangesema, hawa ndio waliotengenezwa na Bwanausi. Padri angesikia. Nikasema nikuache upoe, kisha nilete mimi mwenyewe radhi, kwa heshima."

"Nipoe! Nimekaa na sumu moyoni, nimeharibu swala zangu kwa hasira, nimemwona akivuka njia anikwepe, mtoto aliyekuwa anatamani kuja kwangu. Nami nikikuuliza juu yangu amesemaje, wajikuna ndevu, waniambia taratibu. Alikuwa anakuuliza kila wiki, Bwanausi. Kila wiki, nawe unarudi hapa unakula kwangu."

Mwalimu akaanza aya, kwa Kiarabu, kwa mahadhi mazuri. Akaieleza maana. Akaingia katika ya pili.

"Sikukuuliza kumesemwa nini," alisema Bi Zaina. "Wewe wasemaje?"

Mwalimu Bwanausi alisimama na kilemba chake mbele ya mtaa mzima. Aliwafundisha wezi na wapiganaji masharti ya toba mpaka wakayajua usingizini: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kumwendea mwenye haki yake. Aliyajua yote na dalili zake. Akamtazama Mzee Mwinyijuma, na Mzee Mwinyijuma akaitazama halua. Akamtazama imamu, naye imamu alikuwa anawasaidia watu wa jeneza kugeuka. Jasho likamtoka kwenye kilemba.

Mbaruku akamsogelea. Alisema polepole, lakini kwa ile sauti yake kila mtu alisikia.

"Sema tu, Mwalimu. Panapouma ni hapa kooni. Likishapita hapa, si zito."

Mwalimu akashuka ngazi ile aliyokuwa ameipanda. "Dada," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, kama alivyokuwa akiitoa zamani akivunja chungu. "Nimekukosea. Nisamehe."

Bi Zaina alimtazama. Kwa Mbaruku alikuwa na maneno yaliyongoja muda mrefu. Kwa huyu alitafuta moyoni akakuta hapana kilichowekwa tayari. Huyu yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamkataa mwanamume wa pili aliyemchumbia ili apate kumsomesha. Hakudhani hata siku moja kwamba angehitaji kuwa na msamaha wa kumpa Bwanausi. Na sasa alipoombwa, mbele ya watu, alihisi maumivu tu, mapya, yanauma kuliko lile kasha. Angeweza kusema nimekusamehe, kila mtu akaenda kwake. Ingekuwa uongo, naye alikuwa amechoka na maneno mazuri.

"Yako bado sina," alisema. "Naitafuta. Kaa hapo mpaka niipate."

"Leo Alhamisi, dada," alisema Mwalimu kwa unyonge. "Wananisubiri kule jela."

"Mbaruku atakwenda. Askari wanamjua."

Mbaruku alimtazama mwalimu wake, akangoja. Mwalimu akakubali kwa kichwa. Mbaruku akanawa uso kwa maji ya kata aliyopewa na Mwaija, akashika njia ya jela, na wanaume wa jeneza wakaondoka nyuma yake. Wanawake wakatoka mmoja mmoja wakinong'ona.

Bi Zaina aliingia ndani, akarudi na mbuzi na nazi, akaketi mlangoni akaanza kukuna. Mwalimu Bwanausi akavua kilemba, akakiweka pembeni, akakaa kwenye ngazi ya chini, jua likimpiga, akamngoja dada yake.